Nimesoma uhandisi, nyumbani wanasema nakwenda kuwa fundi mfereji

Assalaam alaykum, ami.

Mimi ni msichana wa Wete, Pemba. Nina shahada ya uhandisi mitambo niliyoisomea Dar es Salaam. Tangu nirudi nyumbani nimepata kibarua katika kiwanda kidogo cha mtu binafsi kinachokamua mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kwa mvuke. Niliajiriwa niandike daftari la boila na kuagiza vipuri, basi.

Pale kiwandani kuna tangi la kutenganisha mafuta na maji, na chini yake ipo koki ya kutolea mafuta. Koki ile ilikuwa haikauki. Inaanza kudondosha, fundi anaifungua, anatia wosha mpya ya mpira, anafunga, na haupiti muda inadondosha tena. Mafuta yale yana thamani, ami, na yalikuwa yanakwenda sakafuni. Nikaomba niifungue mwenyewe. Chuma hakikuwa na kasoro. Wosha ndiyo iliyokuwa imevimba na kulainika, ukiibonyeza kwa kidole inabaki imebonyea. Ilikuwa wosha ya kawaida ya mfereji wa maji. Kilichonishangaza ni kwamba koki ya juu ya tangi lile lile, yenye wosha ya aina ile ile, haijapata kusumbua. Nikaenda Chake Chake kwa fundi mwenye mashine ya kukereza, akanikerezea wosha kutoka kipande cha Teflon, plastiki ngumu yenye utelezi. Mpaka leo koki haivuji.

Tangu hapo nimeshikwa. Nikiona valvu nataka kujua ndani kuna nini. Usiku nachora viti vya valvu, pale inapojifungia, spindo, ile fimbo ya kuifungulia, na njia za maji. Nataka hii iwe kazi yangu: kubuni valvu, sili, yaani vizibo vya kuzuia uvujaji, na mitambo ya kuongoza maji, mvuke na mafuta.

Sasa nimewekewa njia mbili. Baba, ambaye ni mwalimu mstaafu, anataka niombe kazi ya kusomesha fizikia skuli ya sekondari. Ni ajira ya serikali, ina kiinua mgongo, na nitakuwa karibu na nyumbani. Upande wa pili, karakana moja ya Dar es Salaam inayotengeneza valvu za viwandani na za mitambo ya maji imekubali kunichukua. Mwenyewe ameniambia wazi kuwa mwaka wa mwanzo sitashika kompyuta ya michoro. Nitafungua valvu, nitaziosha, nitasaga viti, nitazipima kwa presha. Mshahara ni mdogo kuliko wa mwalimu. Nitakaa kwa mama mdogo, Temeke. Kaka yangu anasema, "Miaka yote ile ya chuo, uje uvae ovaroli uoshe vyuma vya watu? Si bora ungekuwa fundi mfereji tangu mwanzo?" Na kuna posa imeletwa, ya mtu ninayemridhia, na kwao wanauliza nitaishi wapi.

Nakuuliza, ami. Kubuni valvu na sili ni kazi ya kumtosha mtu umri wake wote, au ni kipande tu cha kazi nyingine? Nikiingia karakana nitakuwa nimejifungia mlango wa ubunifu? Na iko siku nitaweza kuifanya kazi hii nikiwa Pemba?

Binti wa Wete

Waalaykum salaam warahmatullah, mwanangu.

Nenda karakana. Nimeisoma barua yako na kuirudia nikitafuta sababu ya kukwambia vyenginevyo, sikuiona. Nitakueleza kwa nini, na mwisho nitakwambia mambo ya kukubaliana na mwenye karakana kabla hujapanda boti.

Kwanza wosha yako, maana humo mna jibu la swali lako la mwanzo. Mafuta ya makonyo kwa sehemu kubwa ni kemikali iitwayo eujenoli. Eujenoli hupenya ndani ya mpira, ikaingia baina ya minyororo ya molekuli zake na kuitenganisha. Mpira ukavimba, ukalegea, ukapoteza nguvu ya kurudi. Mpira wa asili hauwezi kustahamili hayo, na ule mweusi wa naitrili, unaosifiwa kwa mafuta ya injini, nao haufai hapo. Muuzaji atakwambia "huu ni wa mafuta", ukaununua, ukarudi kule kule. Muulize mafuta gani.

Na koki ya juu imenusurika kwa sababu mafuta ya makonyo ni mazito kuliko maji, kwa hiyo huzama. Koki ya chini inakaa ndani ya mafuta usiku na mchana, ya juu inakaa ndani ya maji. Siku mwenye kiwanda akianza kukamua mchaichai katika tangi hilo hilo, mafuta yataelea, na koki ya juu ndiyo itakayoanza kuugua. Mwambie mapema.

Teflon uliyoitia haitaliwa na eujenoli. Iligunduliwa mwaka 1938 na Roy Plunkett, mkemia wa Kimarekani, na ni vitu vichache sana vinavyoweza kuidhuru. Lakini ina tabia ambayo lazima uijue. Haina nguvu ya kurudi, na ikibanwa kwa muda mrefu hutambaa polepole, hata bila ya moto, ikitafuta pa kukimbilia. Wosha yako bapa, inayoshikiliwa na nati peke yake, iko siku italegea, hasa kama tangi linapata joto kazini na kupoa likizimwa. Dawa yake ni kuifungia ndani ya mfuo uliokerezwa kwenye chuma ili isiwe na pa kutambalia, au kuiwekea springi nyuma yake, iisukume kila inapopungua. Kaa chini uichore koki hiyo upya kwa njia zote mbili, pamoja na vipimo, na uandike ni ipi fundi wa Chake Chake anaweza kuikereza kwa mashine aliyonayo. Ukimaliza utakuwa umebuni sili, mwanangu. Wapo watu walioanzia jambo dogo namna hiyo wakafika kustaafu, na bado wana maswali.

Anayedhani ni kazi ndogo, msimulie chombo cha anga cha Challenger. Tarehe 28 Januari 1986, asubuhi ya baridi kali huko Florida, kiliruka na watu 7 ndani yake, na baada ya sekunde 73 kikasambaratika. Chanzo kilikuwa oringi, pete za mpira zenye unene wa kama milimita 7, zilizoziba maungio ya roketi za pembeni. Mpira uliopata baridi hukawia kurudi kwenye umbo lake. Maungio yalipofunguka kidogo wakati wa kuwashwa, pete hazikuwahi kuyaziba, na gesi ya moto ikapenya. Wahandisi waliokuwa wakizijua pete hizo walionya usiku wa kuamkia siku ile wakataka safari iahirishwe, na hawakusikilizwa. Mimi ninapowafikiria watu wale naona kwamba kujua tabia ya mpira ni nusu ya kazi yetu. Nusu ya pili ni kusimama mbele ya wakubwa na kulisema unalolijua mpaka lieleweke. Baba yako mwalimu, nadhani hili la pili unalo nyumbani.

Wala huhitaji kwenda angani. Tazama maji yetu. Tangu Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alipoyavuta maji kutoka chemchemi za upande wa Bububu hadi Mji Mkongwe, visiwa hivi vinaishi kwa mabomba na koki, na koki hizo mtu huziona zinapoharibika tu. Chukua mfano wa bomba la chuma lenye urefu wa mita 600, maji yanakwenda mita 1 kwa sekunde. Mtu akafunga ghafla ile koki ya mkono wa kugeuza robo. Maji hayasimami kwa adabu. Presha inaruka karibu bar 12 (bar ni kipimo cha presha) juu ya ile iliyokuwepo, sawa na uzito wa maji yaliyosimama mita 120. Nikolai Joukowsky, Mrusi, aliyafanyia majaribio haya Moscow mwishoni mwa karne ya 19, na hesabu yake ndiyo tunayoitumia mpaka leo: uzani wa maji kwa ujazo, mara kasi ya wimbi ndani ya bomba, mara kasi ya maji iliyopotea. Wimbi lile hukimbia kiasi cha mita 1,200 kwa sekunde ndani ya chuma, kwa hiyo katika bomba hilo huenda na kurudi kwa sekunde 1. Ukifunga kwa muda mfupi kuliko huo, umelipiga bomba kwa nguvu zote. Ukifunga taratibu, kwa valvu ya geti ya kuzungusha, kishindo hupungua sana. Katika mabomba ya plastiki huwa kidogo zaidi, kwa sababu kuta zake hutanuka. Mitaani tunasikia bomba linagonga ukutani, tunasema ni hewa. Mara nyengine ni hewa kweli. Mara nyengine ni mtu aliyechagua koki isiyo yake, na hapo ndipo palipohitaji mhandisi.

Kisha ipo chumvi, ambayo kwetu haina likizo. Koki za shaba njano zenye zinki nyingi, zikikaa kwenye maji ya chumvichumvi ya visima vya pwani, zinki hutoka kidogo kidogo ikabaki shaba nyekundu yenye vitundu, isiyo na nguvu. Kwa nje unaiona nzima, ukiikaza inakatika mkononi. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304 hutobolewa na chumvi. Cha 316, chenye asilimia 2 hadi 3 ya molibdenamu, huvumilia zaidi, ingawa nacho hakipendi maji ya bahari yaliyotuama kwenye mianya. Hoteli za pwani zinazosafisha maji ya bahari kwa kuyasukuma kwenye utando hutumia presha ya bar 55 hadi 70. Kwa presha hiyo sili iliyochaguliwa kwa kubahatisha si suala la kudondosha tena, ni suala la mtu kuumia. Kazi ya kukaa na mitambo kama hiyo na kusema kitiwe nini, wapi, na kwa sababu gani, ipo hapa hapa Nungwi na Paje. Wanaoweza kuifanya vizuri ni wachache kuliko inavyotakiwa.

Sasa karakana. Umeogopa kuwa itakufungia mlango. Mimi naamini ndipo mlango ulipo. Chuo kimekupa valvu mpya, safi, iliyokatwa nusu juu ya karatasi. Karakana itakupa zilizokufa, na kila moja imeandikwa sababu ya kifo chake kama utaijua kuisoma. Mvuke unaopenya kidogo kidogo hukata mfuo mwembamba kwenye kiti cha valvu, na mfuo ule una mwelekeo wake. Valvu ya geti iliyotumiwa nusu wazi kupunguza maji, kazi isiyokuwa yake, utaikuta imeliwa upande wa chini, na geti lenyewe limegongagonga mpaka limelegea. Pakingi, kizibo kinachoizunguka spindo, iliyokazwa kupita kiasi huacha mikwaruzo ya mviringo. Mpira wa EPDM, ambao ni mzuri sana kwa maji ya mfereji yenye klorini, utaukuta umevimba kwa sababu fundi aliupaka grisi ya petroli ili aingize kwa urahisi. Mtu aliyefungua mamia ya valvu kama hizo, siku akikaa kuchora yake mkono wake unajua pa kuongeza unene na pa kupunguza.

Kwa hiyo usioshe tu. Pima kabla ya kuosha. Piga picha, andika maji gani au mafuta gani yalikuwa yakipita, joto gani, presha gani, ilikaa kazini muda gani kama mwenye mali anajua. Wosha na oringi zilizokufa usizitupe, zihifadhi na karatasi zake. Jifunze viwango vya upimaji kwa mikono yako, ISO 5208 na API 598. Mwili wa valvu hupimwa kwa maji kwa mara 1.5 ya presha yake ya kazi, na kiti kwa mara 1.1. Uliza kwa nini wanapima kwa maji. Hewa iliyobanwa hubeba nguvu nyingi, na chuma kikipasuka huruka, wakati maji yakipoteza presha yamekwisha. Jifunze pia Kv, idadi ya mita za ujazo za maji zinazopita kwa saa wakati valvu inapoteza bar 1, kwa sababu wanunuzi wengi huchagua valvu kwa kipenyo cha bomba wakapata kubwa mno, ikafanya kazi imefungwa karibu yote na kujila yenyewe.

Na kwa kuwa bado uko kwenye kiwanda chenye boila, hili nakuomba kama mzee wako. Valvu ya usalama ya boila isifungwe, isikazwe, isizibwe, hata kama inapumua na mwenye kiwanda analalamikia mvuke unaopotea. Inapumua kwa sababu ama presha imepita kiasi, ama kiti chake kimechoka, na yote mawili yana matengenezo yake. Akikulazimisha uizibe, ondoka kwenye jengo hilo siku hiyo hiyo, uwaondoe na wenzako.

Umeuliza kuhusu Pemba. Valvu nyingi tunazofunga zinatoka nje, na kuchora valvu mpya kuanzia mwanzo bila ya kiwanda cha kuisubu na kuikereza ni vigumu. Hilo usifichwe. Lakini kazi hii ina milango mingi. Upo uchaguzi wa valvu kwa mradi, upo uchunguzi wa zilizoharibika, upo ubunifu wa sili na vipande vya kubadilisha, na huu wa tatu tayari umeufanya ukiwa na fundi wa Chake Chake. Ng'ambo ya mkondo wetu, Chongoleani, Tanga, ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Mafuta yake yana nta nyingi, kwa hiyo bomba limebuniwa lipashwe moto njia nzima yasigande. Fikiria sili zinazoishi ndani ya joto hilo. Bara, gesi ya Songo Songo inatumika tangu 2004, na bomba la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilikamilika 2015. Wapemba wengi wana jamaa Muscat, nako kuna mafuta na gesi, lakini sikusukumi huko sasa. Jifunze kwanza mahali ambapo mama mdogo anakusubiri na chakula.

Kuhusu baba. Usimjie na maneno ya "ndoto yangu". Mpelekee wosha mbili, ile iliyovimba na mpya, na mchoro wa koki yako. Mwambie umegundua nini na umejuaje. Mwalimu wa kweli akiona mtoto amefikiri mpaka mwisho hawezi kukaa kimya. Kisha mpe heshima ya hesabu: mshahara huu, nauli hii, nitakaa kwa fulani, nitakuja Idi. Kusomesha ni kazi ya heshima kubwa, usiiseme vibaya mbele yake hata kwa bahati mbaya. Kaka yako naye mwambie, kwa upole, kwamba fundi mfereji si tusi. Fundi anayefungua koki kwa akili namheshimu kuliko mhandisi asiyewahi kushika spana. Na hao wa upande wa posa wamejiuliza swali la haki, nawe una jibu la haki: Temeke, kwa mama mdogo, na mipango ya baadaye mtaipanga nyinyi wawili.

Yaliyobaki ni kwa mwenye karakana, na uyapate kwa maandishi. Muulize nani pale ni mhandisi aliyesajiliwa, kwa sababu wewe utajiandikisha kama mhandisi mhitimu kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na kazi yako ya miaka ya mwanzo inatakiwa isimamiwe na aliyesajiliwa. Ukirudi kufanya kazi Zanzibar, huku kuna bodi yetu, nayo utaihitaji. Kama hayupo mtu wa kukusimamia, mwambie atafute wa nje atakayekubali, la sivyo miaka hiyo itapita bila ya kuhesabiwa. Mwombe tarehe ya kuanza kukaa kwenye michoro, hata kama ni siku moja kwa wiki. Muulize nani anasaini vyeti vya upimaji na lini utaruhusiwa kuandaa ripoti chini ya jina lake. Hakikisha michango yako ya mfuko wa hifadhi ya jamii inalipwa, maana hiyo ndiyo hoja nzito ya baba na ina haki ya kujibiwa. Miwani ya usalama, glavu na viatu vyenye chuma mbele awe anatoa yeye. Na uulize chumba cha kubadilishia nguo cha wanawake kiko wapi. Kama hakipo, kijengwe kabla hujafika.